Hoki ya chuo na mtoto: kiti kizuri, kakao nzuri, wenyeji wasiojua kufungwa

Jumamosi usiku nilimpeleka mwanangu wa miaka 11 kutazama hoki ya barafu ya chuo kikuu hapa Minnesota. Naandika kwa ajili ya wazazi wenzangu waliofika huku karibuni, ambao watoto wao wameanza kuwaomba wapelekwe. Mimi kabla ya kununua tiketi nilitafuta maelezo ya mtu wetu, kwa Kiswahili chetu, nikakosa. Jina la chuo na la uwanja nayaacha. Wachezaji wale ni vijana wa watu, wana wazazi wao, na wenzangu kazini wameniambia kwamba niliyoyaona pale yanaonekana katika viwanja vingi.

Naipa jioni ile nyota mbili kati ya tano. Mpaka dakika ya 8 ya kipindi cha tatu zilikuwa nne.

Nianze na yale yaliyostahili pesa. Tiketi yangu dola 28, ya mtoto 18. Angalieni tu kwamba ukinunua kwa simu kuna makato ya dola 6 kwa kila tiketi, na huyaoni mpaka ufike mahali pa kulipa. Maegesho dola 15, ng'ambo ya barabara. Vijana wanaoelekeza magari walikuwa wachangamfu ingawa usiku ule baridi ilikuwa nyuzi 19 chini ya sifuri, na mmoja alituvusha barabara yeye mwenyewe akasimamisha magari kwa mkono. Mlangoni nilikuwa na chupa yangu ya chai ya tangawizi. Ikazuiwa. Mlinzi akanieleza kwa adabu kwamba chupa yoyote kutoka nje hairuhusiwi, kwa usalama wa wachezaji na watazamaji. Nikairudisha garini bila kinyongo. Kumbukeni chupa hiyo.

Chakula kiko sawa. Kakao ya moto dola 5, kikombe kikubwa, imetengenezwa kwa maziwa kweli. Kwa sisi tusiokula nguruwe, nilimuuliza muuza soseji, akanitolea pakiti yenyewe nikasoma: ng'ombe mtupu. (Kama mnatafuta halali iliyochinjwa, hakuna; kuleni bisi.) Vyoo safi, foleni ya wastani. Njooni na blanketi, kwa sababu baridi ya barafu hupanda kutoka miguuni, na kufikia kipindi cha pili hata soksi mbili hazitoshi.

Viti vyetu vilikuwa safu ya 6 nyuma ya goli, kidogo kulia. Ni mahali pazuri mno kwa mtoto anayejifunza mchezo, na zaidi kwa wangu, kwa sababu yeye ni kipa. Amekaa golini msimu wa pili sasa katika timu ya watoto ya mtaani kwetu. Toka apewe nafasi hiyo, nyumbani haongei kingine. Hoki ina vipindi vitatu vya dakika 20, na timu hubadilishana upande kila kipindi, kwa hiyo anayekaa nyuma ya goli moja humwona kipa yule yule vipindi viwili. Sisi tulimpata kipa wa wageni. Jambo ambalo sikulijua wakati nanunua tiketi ni kwamba wanafunzi wa chuo nao wamewekwa upande huo huo, na wamewekwa hapo makusudi, ili wamkabe kipa mgeni kwa kelele vipindi viwili kati ya vitatu.

Fikeni mapema mkaone mazoezi ya kupasha moto. Kipa wa wageni, kijana mrefu mwenye ndevu chache, alimwona mwanangu amebandika uso kwenye kioo. Akakichota kisahani kwa gongo lake, akakirusha juu ya kioo kikatua magotini pangu. Kwa wasiokijua: hoki ya barafu haina mpira, wanacheza na kisahani cheusi cha raba ngumu, unene wa sentimita mbili na nusu, uzito wa gramu kama 170 hivi, na vile vya mechi hugandishwa kwanza ili visidundedunde. Mwanangu alikishika kwa mikono miwili, hakukiachia usiku kucha. Halafu akatoa penseli yake, akageuza karatasi ya ratiba ya mechi, akaanza kazi ambayo kocha wake amemfundisha: kila shuti litakalopigwa kwa kipa yule, mstari mmoja. Likizuiwa, mstari unabaki hivyo. Likiingia, anazungushia duara.

Bendi ya matarumbeta ya chuo ilipiga vizuri sana. Na kuna desturi moja ilinifurahisha: kipindi kikikaribia kwisha, mtangazaji husema, "Imebaki dakika moja," na uwanja mzima, maelfu ya watu, humjibu kwa sauti moja, "Asante!" Mwanangu na yeye akaitikia. Nikajisemea moyoni, hapa nimemleta mtoto mahali penye malezi.

Niwaeleze kwa nini nilichagua hoki ya vyuo na si ya wale wanaolipwa mishahara. Kwa wale wa NHL, ligi ya kulipwa, watu wawili wakizipiga ngumi hukaa nje dakika 5, wakarudi kucheza. Vyuoni, chini ya sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, anayepigana hutolewa mechi hiyo na huikosa inayofuata. Wote huvaa kinga kamili ya uso. Mzazi mmoja wa timu yetu aliniambia, mpeleke mtoto kwenye hoki ya chuo, akaone mchezo wenyewe. Na kweli, vipindi viwili vya kwanza tuliuona mchezo.

Ijumaa wenyeji walikuwa wamefungwa 3-2 katika muda wa nyongeza. Mechi za vyuo huja mbili mbili, Ijumaa na Jumamosi, timu zile zile. Kwa hiyo Jumamosi walikuja wamekaza. Wageni wakatangulia, wenyeji wakasawazisha, 1-1. Goli lile la kusawazisha ndilo duara la kwanza kwenye karatasi ya mwanangu, na hapo ndipo wanafunzi waliponyanyuka wote, vidole vikimwelekea kipa, wakaanza kumwimbia jina ambalo makipa wote wa huku wanalijua. Ni la kitu cha jikoni kwetu: "Chekeche! Chekeche! Chekeche!" Yaani wewe hushiki kitu, kila kinachokuja kinapita. Halafu, "Kosa lako! Kosa lako! Yote kosa lako!"

Hiyo ni desturi ya zamani ya vyuoni, na mimi nilikwishaambiwa. Kule chuo kikuu cha Cornell, jijini Ithaca, mashabiki wanajulikana kwa kuwatupia wachezaji wa chuo cha Harvard samaki kwenye barafu. Mashabiki ni mashabiki. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimekulia majukwaani, nimesikia nyimbo za kumzomea refa ambazo siwezi kuziandika hapa. Kuzomea si dhambi. Nilimnong'oneza mwanangu, "Hayo ni maneno tu. Mwangalie kipa mwenyewe kama anajali." Kipa akanywa maji, akairudisha chupa yake juu ya wavu, akakwangua barafu kwa viatu vyake kushoto kulia, akakaa tayari. Mwanangu akatabasamu. Yeye pia hufanya vile vile.

Kipindi cha pili wageni wakafunga mawili. 3-1.

Kipindi cha tatu kipa yule akarudi upande wetu, na nyimbo zikabadilika. Chekeche ikaachwa. Kuna wanafunzi walikuwa wamechimba kwenye mitandao wakapata jina la mama yake. Wakaliimba. Wakaimba na jina la msichana. Maneno yaliyofuata sikuyatafsiri kichwani, niliziba tu masikio ya mtoto kwa mikono, akaitoa mikono yangu kwa sababu alikuwa anahesabu. Wageni wakafunga la nne. Dakika ya 8, mshambuliaji wa wenyeji akapiga shuti, kipa akaruka, akakifunika kisahani kwa glovu. Filimbi ikalia. Naliandika hili polepole kwa sababu nilikuwa mbali naye mita saba au nane tu na niliona kwa macho yangu: filimbi ililia, kipa akatulia, amelala kifudifudi, na yule mshambuliaji akainua gongo kwa mikono miwili akampiga kwenye mkono uliofunika kisahani. Akarudia.

Wenzake wakaja, wa kwao wakaja, lundo la watu golini. Waamuzi wakalitenganisha. Mshambuliaji akapewa adhabu ya dakika 5 na kutolewa mchezoni, na alipokuwa anatoka, wanafunzi wakampigia makofi wamesimama.

Hapo vitu vikaanza kuruka. Kwanza vikombe vya soda, barafu na yote. Halafu bisi, boksi zima. Halafu chupa za maji, zile zinazouzwa ndani kwa dola 4, nyingine hazijafunguliwa. Chai yangu ya tangawizi ilikuwa garini kwa ajili ya usalama wa wachezaji. Mtangazaji akasoma onyo: mkiendelea, timu yenu itaadhibiwa. Wakaendelea. Refa akawapa wenyeji dakika 2 nyingine, maana sheria inaruhusu timu ya nyumbani iadhibiwe kwa mashabiki kurusha vitu. Uwanja mzima ukamzomea refa kana kwamba yeye ndiye aliyerusha.

Na kipa? Kipa alichukua gongo lake pana, akasukuma boksi la bisi mpaka kwenye ukingo. Akarudi, akasukuma chupa. Akarudi, akakusanya zile punje za bisi kwa mtindo wa mtu anayefagia uwanja wa kwao asubuhi. Mwanangu alisimama, kisahani mkono mmoja, penseli mkono mwingine, akimtazama tu.

Safu mbili mbele yetu alikaa mama wa makamo, amevaa fulana ya timu ya wageni juu ya koti. Jioni nzima alikuwa ametulia, hata magoli ya timu yake aliyapigia makofi ya vidole. Kijana mmoja kutoka juu akammiminia soda kichwani. Sikuona ikimwagwa, niliona ikishuka kwenye nywele zake nyeupe, na bega lake likishtuka kwa baridi. Nilimpa blanketi letu. Akaniambia asante, ni mjukuu wangu yule namba 14, nimeendesha gari saa tano.

Nikamwendea mhudumu wa jukwaa. Wamevaa makoti ya kijani, wamesimama kila ngazi, kazi yao ni hiyo. Nikamweleza, nikamwonyesha kijana mwenyewe, ambaye hakuwa amejificha, yuko pale anacheka na wenzake. Mhudumu akanitazama, akasema, "Hoki ndivyo ilivyo, bwana." Hakusogea hata hatua moja.

Nyota mbili zilizoondoka ziliondoka hapo, kwa mhudumu yule. Vijana wa miaka 20 wakiwa wengi pamoja, wamekunywa, timu yao inafungwa, watafanya ujinga, na mtu mzima anajua. Lakini chuo kimeniuzia tiketi na kumuuzia bibi yule tiketi kwa bei ile ile, kikachukua na makato yake ya huduma. Huduma ilikuwa ndiyo hiyo tuliyokuwa tunaihitaji dakika ile. Waliweza kuizuia chai yangu mlangoni. Kijana mmoja mwenye kikombe mkononi hawakumweza.

Mechi iliisha 5-1. Mtangazaji aliposema imebaki dakika moja, uwanja ulikuwa nusu mtupu, na waliobaki wakajibu, "Asante!" vile vile kama mwanzo. Mwanangu safari hii hakuitikia.

Sasa kuna jambo ambalo katika hoki ya barafu ni kubwa, na ndilo nililotaka mtoto alione. Mfululizo wa mechi ukiisha, timu hupanga mistari miwili katikati ya uwanja, wanavua glovu ya kulia, wanapita wakipeana mikono, mtu kwa mtu, wa mwanzo mpaka wa mwisho. Timu ya mwanangu hufanya hivyo kila mechi. Kocha wao hasemi neno lolote kabla ya mkono. Wageni wakajipanga. Wenyeji wakaanza kuingia kwenye njia ya vyumba vya kubadilishia nguo. Mmoja alivunja gongo lake kwenye mlango, vipande vikabaki pale pale. Nilidhani wanakwenda kurudi. Wageni pia walidhani, kwa sababu walisubiri. Ishirini na kitu, wamesimama kwenye barafu, mkono mmoja una glovu na mwingine hauna. Wenyeji sita walibaki, nikawahesabu, wakapita mstari mzima wakatoa mikono. Kipa wao alikuwa miongoni mwao, yeye aliyefungwa matano. Kocha wa wenyeji alikwenda kumpa mkono kocha mwenzake, haraka, bila kusimama. Wengine wote hawakutokea.

Tulipokuwa tunatoka, kwenye korido kuna ukuta wa picha na tuzo, na katikati yake bango la tuzo ya Hobey Baker. Hiyo ndiyo tuzo kubwa kuliko zote kwa mchezaji wa hoki ya wanaume ya vyuo Marekani, inatolewa kila mwaka tangu 1981, na haitolewi kwa magoli peke yake, wanatazama na tabia. Aliyeipa jina alichezea chuo cha Princeton, akamaliza masomo 1914, akafa Desemba 1918 kule Ufaransa akiijaribu ndege iliyotoka kukarabatiwa, Vita vya Kwanza vya Dunia vimeshakwisha. Habari wanayoisimulia zaidi juu yake ni kwamba kila mechi ikiisha, kashinda au kashindwa, alikuwa akienda mpaka chumba cha wapinzani kuwapa mkono na kuwashukuru kwa mchezo. Watu walikuwa wanapita chini ya bango lile wakiimba jina la mama wa kipa.

Pale kwenye korido mzee mmoja wa hapa hapa, mwenyeji kabisa, kofia ya timu yao kichwani, alinisikia nikiongea na yule bibi. Akamwomba radhi bibi, kwa niaba yake mwenyewe. Akatuambia yeye ameona mabaya zaidi ya haya. Mwaka 1976, nusu fainali ya taifa ya vyuo, Chuo Kikuu cha Minnesota na Boston University walianza kupigana dakika za mwanzo kabisa, benchi zote mbili zikamwagika uwanjani. Kocha wa Minnesota wakati huo alikuwa Herb Brooks. Kwa upande wa Boston alikuwepo kijana anaitwa Mike Eruzione. Baadaye Brooks akapewa timu ya taifa ya Olimpiki ya 1980, akaijaza vijana wa Minnesota na wa Boston, wale wale wasiotazamana, na nahodha akawa Eruzione. Tarehe 22 Februari 1980, Lake Placid, wakawafunga Wasovieti 4-3, na goli la ushindi likawa la Eruzione. Mzee akanishika bega, akasema, "Hawa hawajui kesho watavaa fulana moja na nani." Nilitamani yule mhudumu wa koti la kijani angekuwa karibu asikie.

Kwetu tunasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nilifundishwa maneno hayo na mjomba wangu, aliyecheza magongo ya nyasi miaka mingi pale City Park, Nairobi, na ambaye alikuwa akirudi nyumbani kafungwa akaanza kuwasifu waliomfunga, mmoja mmoja kwa majina. Utotoni niliona ni udhaifu. Sasa nikimwangalia mwanangu golini namwelewa. Kushindana ni kukubali tangu mwanzo kwamba yule wa upande wa pili anaweza kukushinda, na kwamba bila yeye huna mchezo. Asiyelikubali hilo alikuja kutafuta kitu kingine, na kitu hicho si hoki.

Wakenya wanaojua barafu wanalielewa hili kuliko wengi. Barafu ya kwanza niliyoikanyaga maishani ni ile ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, Nairobi, iliyofunguliwa 2005, ndogo kuliko uwanja wa kawaida wa hoki. Hapo ndipo Kenya Ice Lions, timu ya hoki ya barafu ya Kenya, walipojifunzia. Walifanya mazoezi miaka wakicheza wao kwa wao, kwa sababu nchini hapakuwa na timu nyingine ya kucheza nayo. Mwaka 2018 walipopelekwa Kanada wakapata mechi na timu ya watu wengine, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wa NHL kutoka Kanada, wakaingia chumbani kwao wakavaa fulana za Kenya, mimi niliangalia picha zile na machozi yakanitoka. Walikuwa wamesafiri kuvuka bahari kwenda kutafuta mtu wa kuwafunga. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia la hoki ya barafu. Ukiwa umekaa miaka yote hiyo bila mpinzani, huwezi kumwacha mpinzani amesimama kwenye barafu na mkono wazi.

Halafu wale walikuwa wageni. Hili ndilo lililoniuma zaidi na sijui kama wenzetu wa huku wanaliona hivyo. Timu imesafiri saa tano kwenye basi, katika theluji, ikalala hotelini, ikaja kukuchezea mbele ya watu wako ili wewe uuze tiketi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tulivyofundishwa. Hawa walikuja Ijumaa na Jumamosi. Siku ya jembe hawakuifikia.

Garini tulikaa kimya mpaka barabara kuu. Chai ilikuwa imepoa. Mwanangu akawasha taa ya juu, akahesabu mistari yake, akahesabu tena. Akasema, "Baba, mashuti 32. Limepita 1." Nikamwambia vizuri sana. Akasema, "Sasa chekeche kwa nini?" Niliendesha muda mrefu kabla sijamjibu, na jibu nililompa halikunitosha hata mimi. Nilimwambia walikuwa wana uchungu. Akaniuliza kama wapinzani wa timu yake wakifungwa, jina la mama yake mwenyewe linaweza kuimbwa.

Jumatatu, baada ya zamu yangu ya usiku, niliandika barua pepe kwa ofisi ya tiketi. Nilitaja sehemu, safu, saa, nikaeleza habari ya bibi na ya mhudumu. Nikaomba mambo mawili: chuo kimwandikie yule bibi (jina na anwani yake wanavyo, alinunua kwa simu kama mimi), na kiwaandikie wageni kuwaomba radhi kwa mstari ule wa mikono. Jibu likaja Alhamisi, la heshima, limenishukuru kwa maoni yangu, likaniambia wanajali usalama wa kila mtazamaji, na limeambatana na tiketi mbili za bure za mechi yoyote iliyobaki msimu huu. Juu ya bibi hakuna neno. Juu ya wageni hakuna neno. Nimewaandikia tena kwamba tiketi sikuomba.

Kwa anayetaka kwenda, nasema nendeni, mchezo ni mzuri na watoto wanajifunza. Lakini piga simu kabla ya kununua, uliza wanafunzi wanakaa wapi, ukae mbali napo, hata kama viti vya nyuma ya goli ni vya bei nafuu. Viti vya pembeni, karibu na benchi ya wageni, ndipo familia za wageni hukaa, na pametulia. Ukiona vitu vimeanza kurushwa usisubiri mhudumu, mhamishe mtoto. Kama una mtu wa timu ya wageni karibu nawe, msalimie mapema, mjue jina. Mimi nilijilaumu kwamba yule bibi nilimsemesha baada ya kumwagiwa.

Na kama mtoto wako bado mdogo, anza na hoki ya wanawake. Mwaka jana tulikwenda Ridder Arena, Minneapolis, uwanja uliofunguliwa 2002, wa kwanza nchini kujengwa mahsusi kwa hoki ya wanawake wa chuo. Tiketi ilikuwa rahisi zaidi, mchezo wa kasi na akili, na siku tuliyokwenda walioshindwa walipita mstari mzima wa mikono, wengine macho yamewaiva kwa kulia, hakuna aliyekwepa.

Zile tiketi mbili za bure bado ziko kwenye droo la jikoni. Nilimwachia mwanangu aamue. Alizitazama, akauliza kama yule kipa atakuwepo, nikamwambia hapana, msimu huu hawarudi tena. Akazirudisha kwenye droo. Jumamosi hii tunakwenda kuwaangalia akina dada, na ameshachonga penseli.